Mnyoo wa farasi hakai tumboni tu, anatembea

Masika iliyopita mzee mmoja wa upande wa Monduli kanipigia simu saa kumi na mbili asubuhi, dokta, punda wangu analala anaamka, anageuka kuangalia ubavu, anajipiga tumbo kwa mguu, na dawa ya minyoo nilimpa juzijuzi tu, sasa hii nini tena? Kufika pale nakuta punda keshakufa. Nikaomba nimpasue, mzee akakubali, vijana wake wakasogea pembeni wameziba pua.

Kipande cha utumbo mpana kimekuwa cheusi tii. Mimi sikuhangaika sana na utumbo, nikaufuata mshipa wa damu unaoulisha, ule mkubwa unaochepuka kutoka mshipa mkuu wa chini ya mgongo. Kawaida ukiubonyeza ni laini, huu ulikuwa umevimba, mgumu kama kipande cha muhogo mbichi. Nikauchana kwa kisu. Ndani damu imeganda, imeshika ukutani, na humo kwenye lile ganda kuna vinyoo vya sentimita moja na kitu vinajinyonganyonga. Mzee akainama, akatazama weee, akasema, "Kumbe wanaishi kwenye damu?"

Ndio mzee, wanaishi kwenye damu, na punda na farasi hapa ni kitu kimoja. Huyu anaitwa Strongylus vulgaris. Mayai yanatoka na mavi, yanaanguliwa hapohapo chini, lava, yaani watoto wa mnyoo, wakikomaa wanapanda kwenye jani lenye umande, mnyama anakula. Wakifika tumboni wanavua lile ganda lao la nje, wanatoboa ukuta wa utumbo, wanaingia kwenye vimishipa vidogo halafu wanapanda, yaani wanakwenda kinyume na damu, wakiparua ukuta wa ndani wa mshipa mpaka wafike pale palipokuwa pagumu kama muhogo, na safari hiyo inachukua kama wiki mbili tatu hivi. Pale wanakaa miezi mitatu minne wanakua, ndio warudi na mkondo wa damu mpaka utumbo mpana kuzaliana. Shida ni kwamba walipoparua damu inaganda, kipande kikibanduka kinakwenda kuziba mshipa mdogo mbele, utumbo unakosa damu, unakufa, mnyama anagaragara kwa maumivu na wewe unadhani kala majani mabaya.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa hata sisi wa fani tunateleza. Toka lava aliwe mpaka aanze kutaga ni kama miezi sita au saba, kwa hiyo unaweza kuleta kinyesi nikaweka kwenye hadubini nisione yai hata moja na mshipa umejaa. Na zile dawa za jamii ya albendazo, dozi moja ya kawaida inasafisha walioko tumboni, walioko njiani inawaacha wanaendelea na safari zao. Ndicho alichompa mzee. Ivamektini inawafikia mpaka kwenye mshipa, ila ya farasi ni ile ya kupaka mdomoni, jamani msichukue sindano ya ng'ombe mkamchoma farasi shingoni, nimeshaona shingo imeoza.

Watoto wa farasi wao wana msafiri mwingine, Parascaris, na njia yake ni tofauti kabisa. Huyu anamezwa akiwa bado ndani ya yai, anaanguliwa tumboni, anatoboa, anachukuliwa na damu mpaka kwenye ini ndani ya siku chache, kutoka ini anakwenda mapafu, anakoholewa, anamezwa tena, ndio anatulia utumbo mwembamba akue mpaka afike nusu mita. Huku Usa River mtoto wa farasi wa miezi mitatu akikohoa kila mtu anasema mafua. Wakati mwingine ni mafua kweli. Na ivamektini huyu kaizoea sehemu nyingi duniani, kwa hiyo mtoto nampa fenbendazo, tena nikimwona ana kitumbo na manyoya yamesimama naenda taratibu, maana minyoo wote wakifa kwa mpigo wanaweza kuziba utumbo.

Turudi kwa mzee. Nikamuuliza punda alikuwa analala wapi, akanionyesha nyuma ya boma, kuna nyasi nzuri za kijani, mavi ya miezi yamelundikana katikati. Anafungwa pale usiku kucha, alfajiri anakula zile nyasi zikiwa na umande, halafu jua likitoka ndio anapelekwa maji. Hamna saa mbaya kama hiyo. Lava anahitaji unyevu kupanda jani, na kwenye ganda lake hawezi kula chochote, anaishi kwa akiba, jua kali likimpiga anaisha.

Ana punda wengine wawili. Siku hizi wanalala upande wenye udongo mtupu, mavi yanazolewa kila asubuhi yanapelekwa kwenye migomba.