Asilimia ya EPA ikishuka haina maana EPA imepungua

Kila mara lazima atokee mtu na grafu ya asidi za mafuta za Nannochloropsis (aina ya maikroalgi, yaani mwani mdogo wa seli moja) halafu aandike chini yake "kalcha ikizeeka omega-3 inaisha". Omega-3 yenyewe hapo ni EPA, na jamani, hiyo grafu ni ya asilimia ya asidi zote za mafuta, sio kiasi!

Kwa kifupi: maikroalgi ukizipanda kwenye kalcha, yaani maji ya kuzikuzia, zinaanza kwa kuzoea mazingira, zinagawanyika kwa kasi, zinapunguza mwendo, zinasimama, mwisho zinakufa, na asidi za mafuta zinabadilika hatua kwa hatua. Hilo halina ubishi.

Shida iko hapo kwenye kusimama. Seli zimeacha kugawanyika, mara nyingi sababu naitrojeni imekwisha, ila mwanga bado upo na kaboni bado inaingia, na bila naitrojeni hakuna protini mpya wala klorofili mpya, sasa hiyo kaboni iende wapi? Ni kama mshahara unaingia kila mwezi lakini fundi kagoma, unabaki kuweka akiba tu. Akiba yenyewe ni triglisaraidi, vitone vya mafuta ndani ya seli, ukizipaka rangi ya Nile Red na kuziangalia kwa hadubini ya fluoresensi unaviona vinang'aa njano. Kwa Nannochloropsis vitone hivyo vimejaa zaidi asidi za mafuta 16:0 na 16:1 (namba ya kwanza ni idadi ya kaboni, ya pili ni bondi mbili-mbili). EPA, yaani 20:5, kwa kawaida sehemu kubwa iko kwenye tando za kloroplasti.

Sasa piga hesabu, namba za mfano tu. Seli zikiwa kwenye kasi, gramu moja ya uzito mkavu ina miligramu 100 za asidi za mafuta, EPA ni asilimia 30, kwa hiyo miligramu 30. Zikisimama jumla inapanda mpaka 250, EPA inasomeka asilimia 14. Imeshuka zaidi ya nusu, si ndio? Zidisha: miligramu 35. Imeongezeka!

Na kuna wale wa "siku ya 10 ndo mafuta mengi", siku ya 10 sio hatua ya ukuaji, ukianza na mbegu nyingi, yaani seli za kuanzia, na taa kali utasimama mapema, mwenzako bado yuko kwenye kasi.

Saa nyingine EPA inapungua kweli, inategemea spishi na mwanga, ila asilimia peke yake haikwambii. Tafuta safu ya miligramu kwa gramu, na kama haipo andika tu kwamba mgawanyo umebadilika.