Tofali jepesi la tanuri: tazama majivu kabla ya bei

Fundi wa jua kali anayeyeyusha alumini akiniuliza mbona tanuri lake linameza mkaa hivyo, kwanza nasogeza kiganja karibu na ukuta wa nje. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 tu za Selsiasi. Kama kiganja hakivumilii hapo nje, basi mkaa mwingi unapasha hewa ya karakana.

Tofali zito la udongo hupitisha joto. Lenye vitundu hulizuia, maana hewa iliyofungiwa mahali padogo haina pa kuzunguka. Kitundu kikiwa kikubwa faida inapungua: hewa inaanza kuzunguka humo ndani, na kwenye moto mkali joto linavuka kwa mnururisho, yaani kama mwanga wa moto unavyokupasha bila kukugusa, kutoka upande huu wa kitundu hadi ule. Tunachotaka ni vitundu vingi, vidogo.

Njia rahisi ya kuvipata ni kuchanganya udongo na kitu kitakachoungua na kuacha nafasi yake wazi. Huku kwetu hakikosekani. Mashine za kukoboa mpunga Ahero zina vilima vya makapi, viwanda vya sukari vya ukanda wa Muhoroni vina kumbi za miwa iliyokamuliwa, na kila seremala wa Kisumu ana unga wa mbao sakafuni.

Wengi huchagua kilicho karibu au cha bure. Mimi huchagua kwa majivu, kwa sababu majivu hayatoki. Yanabaki na kuwa sehemu ya tofali. Unga wa mbao huacha kidogo mno, mara nyingi chini ya asilimia 1 ya uzito wake. Makapi ya mpunga huacha kama asilimia 20, na asilimia 85 hadi 95 ya majivu hayo ni silika, madini yaleyale ya mchanga. Silika yenyewe inastahimili moto vizuri. Shida ni potasiamu inayoandamana nayo, ambayo hushusha kiwango cha kuyeyuka. Tofali linalainika mapema, vitundu vinajifunga, ukuta unabonyea. Majivu ya kumbi za miwa zinazochomwa kwenye boila za viwanda vya sukari yana tabia hiyohiyo, tena huchanganyika na udongo ulioingia kiwandani pamoja na miwa. Ukiloweka makapi kwenye maji safi kwa siku nzima kisha ukayamwaga maji hayo, sehemu nzuri ya potasiamu inaondoka. Ni kazi ya kuchosha, lakini inalipa.

Liko jambo jingine. Silika ya makapi ikikaa muda mrefu juu ya nyuzi 1,000 hugeuka kristobaliti, yaani silika yenye fuwele za umbo jingine, na kristobaliti hutanuka ghafla inapopita kati ya nyuzi 200 na 270. Tanuri linalowashwa asubuhi na kuzimwa jioni hupita hapo kila siku, na kila mara nyufa zinaongezeka. Ndiyo maana karibu na moto naweka tofali la unga wa mbao, la makapi linakaa nyuma yake.

Uchomaji ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Unga wa mbao huanza kuungua kwenye nyuzi 250 hivi. Ukikimbiza moto, uso wa tofali unajifunga kabla hewa haijafika ndani. Livunje uone: nje jekundu, katikati jeusi tii, mara nyingine limevimba. Weusi huo ni kaboni iliyokosa hewa. Imenyang'anya oksijeni ile kutu ya chuma iliyo kwenye udongo wetu mwekundu, na chuma cha hali hiyo huuyeyusha udongo mapema. Kati ya nyuzi 250 na 600 pandisha polepole, matundu ya hewa yakiwa wazi. Kwenye nyuzi 573 kwatzi, silika ya mchanga uliomo kwenye udongo, nayo inabadilika ukubwa, kwa hiyo haraka hapo inaleta nyufa pia.

Vigae vya vyungu na majiko yaliyovunjika usivitupe. Visage, uchanganye, tofali halitasinyaa sana linapokauka. Nyunyiza maji unaposaga na ufunike pua kwa barakoa nzuri, kwani vumbi la silika huharibu mapafu na hayaponi.

Walio upande wa Nakuru wana diatomiti ya Kariandusi, karibu na Gilgil, mabaki ya viumbe vidogo vya ziwa la kale vyenye vitundu vya asili. Viwanda vingi vya bia duniani huchujia bia kwa unga wa namna hii kisha huutupa, na uchafu huo unafaa tofali. Lakini uweke nyuma tu. Unapokaribia nyuzi 1,000 husinyaa.

Kupima vitundu kunataka mizani na ndoo. Tuseme kipande kikavu kina gramu 1,300. Kichemshe saa kadhaa, kiache kipoe majini, kipime kikining'inia ndani ya maji: gramu 800. Kitoe, kipanguse, kipime tena: gramu 1,800. Maji yaliyoingia ni gramu 500. Ujazo wote ni 1,800 toa 800, yaani sentimita 1,000 za ujazo. Nusu ya tofali ni hewa. Ukizidisha hapo, joto litazuilika zaidi lakini tofali litameguka ukilibeba, kwa hiyo sehemu inayoguswa na chungu cha kuyeyushia au koleo ijenge kwa tofali zito. Jepesi likae nyuma, na viungo vyote uvizibe kwa udongo uleule wa matofali, kwa sababu saruji ya kawaida humong'onyoka kwenye moto huo.