Nani alizihesabu nyuzi zako?

Wiki hii ni mteja wa nne. Ameketi kwenye benchi hapa Goma, akapandisha kaptula, akanionyesha paja: "Kocha, miye niko na nyuzi nyekundu tupu, zile za polepole zinazovumilia. Unipe chuma chepesi, marudio mengi." Ameiona kwenye simu. Nikamuuliza nani alizihesabu. Akacheka.

Nyuzi za msuli hazihesabiwi kwa kutazama paja. Zinahesabiwa kwa sindano nene, ile ambayo daktari Bergström wa Sweden aliieneza mwaka 1962: inang'oa kipande cha nyama, kinapakwa rangi, kinawekwa chini ya hadubini. Na hata hapo kipande kinasema habari za pale kilipotoka tu. Msuli wa soleo, ndani ya shavu la mguu, una nyuzi za polepole nyingi mno. Trisepsi, msuli wa nyuma ya mkono wa juu, ya mtu huyohuyo ina za haraka nyingi zaidi. Sasa wewe "mtu wa nyekundu", tukuweke upande gani?

Hilo ningelivumilia. Linalonichosha ni lile linalofuata: eti nyuzi za polepole zinalishwa kwa uzito mwepesi na za haraka kwa uzito mzito, kila moja na sahani yake. Nusu ya watu wa sale yangu ya mazoezi wanaamini hivyo. Ndiyo maana kijana mwenye mabega mapana anachukua kilo 5, anahesabu 30, anaziweka chini huku bado ana pumzi ya kupokea simu, kisha anaondoka akijua amelisha nyekundu zake.

Mwaka 1957 mtafiti wa neva Elwood Henneman alianza kuonyesha jinsi neva zinavyoita msuli kazini. Vikundi vidogo, vyenye nyuzi za polepole, vinaitwa kwanza. Vikubwa, vyenye nyuzi za haraka, vinaitwa nguvu ikihitajika zaidi. Tazama chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili, iliyojaa makabichi ikifika mwinukoni. Mwenyewe anasukuma. Mlima ukikaza anaita mtoto aliye karibu. Ukikaza tena anaita wanaume wawili. Lakini mwenyewe hajaachia mpini hata mara moja! Hapo ndipo watu wanapopotea. Ukibeba chuma kizito, nyuzi za polepole hazijalala; zipo kazini pamoja na zile za haraka. Ukibeba chepesi, za polepole zinaanza, zinachoka, na za haraka zinaitwa kusaidia, ila zinaitwa mwishoni, pale uso unapokunjamana. Wewe uliyeishia 30 ilhali ungefika 55 uliondoka kabla ya wanaume wawili kuitwa.

Kwa hiyo uzito wa asilimia 30 ya ule unaouweza mara moja tu, na uzito wa asilimia 80, vinakuza msuli karibu sawa, mradi kila seri, yaani mfululizo wa marudio kabla ya kupumzika, ifike karibu na kushindwa. Kwa nguvu yenyewe, mzito unashinda. Mimi nawapa marudio 6 hadi 12, wakibakiza mawili ya akiba. Si kwa sababu ya rangi ya nyuzi. Seri ya marudio 40 hadi kushindwa inaunguza kama pilipili, na sijamwona anayeirudia kwa moyo miezi mitatu.

Kuna na mchoro wa aina za nyuzi unaozunguka kwenye simu, eti za haraka kabisa ni "IIb". Hiyo ni ya panya. Kwa binadamu nyuzi za haraka kabisa ni IIx. Zamani zilipewa jina la IIb kimakosa. Na wanaosema wanafanya mazoezi "ili kuongeza IIx" wajue kwamba kunyanyua vyuma kunazipunguza: ndani ya wiki chache zinaelekea kuwa IIa, nazo za haraka ila zinavumilia zaidi. Ukiacha mazoezi, IIx zinarudi. Hata msuli uliopooza kwa jeraha la uti wa mgongo, kadiri miaka inavyopita, unajaa nyuzi za haraka. Kwa hiyo neno "haraka" si sifa kama mnavyodhani.

Mengine nayapitia mbio. Msuli haugeuki mafuta ukiacha mazoezi. Ni nyama mbili tofauti, moja inapungua, nyingine inaongezeka kwa sababu sahani haikupungua. Maumivu ya kesho yake si kipimo cha kazi nzuri: teremka ngazi nyingi ambazo hukuzizoea, utaumwa bila kuota msuli. Mama anayeogopa kwamba kilo 20 zitamfanya awe kama mwanaume, homoni zake hazitoshi kwa hilo, na wanaume wenyewe wanahangaika miaka.

Na lile la wazee: "Papa amezeeka, atembee tu, vyuma ni vya vijana." Kinyume chake. Uzeeni nyuzi zinazonyauka zaidi ni za haraka, hizohizo zinazokuokoa unapojikwaa kwenye jiwe la lava usiku, na mwendo wa taratibu hauziiti. Mzee wangu wa miaka 71 alianza kwa kuinuka kwenye kiti bila kushika kitu, mara 8, akipanda kwa kasi na kushuka polepole. Sasa anainuka akiwa amekumbatia bidoni la maji la lita 10, na ananidai la 20.