Programu Ikigoma Kuingia Kwenye Ubuntu, Soma Kosa Kabla ya Kufuta Kompyuta

Kompyuta ya mezani ya mtumba iliyoshindwa kubeba Windows 11 hufufuka ikiwekewa Ubuntu au Linux Mint, mifumo endeshi ya bure, na shule au chama cha msingi cha ushirika kinachofanya hivyo, iwe Masasi, Ruangwa au Kilwa Masoko, hakilipii leseni. Kinachowakatisha watu tamaa ni kuongeza programu. Amri inaandikwa, mistari ya Kiingereza inamwagika, mwisho wake ni kosa. Fundi anaitwa, anafuta diski nzima na kuanza upya. Kazi za wanafunzi zinapotea, bando linaliwa, na kosa linarudi kwa sababu chanzo chake hakikuguswa. Jambo hili linatuuma, maana mengi ya makosa haya yanatibika bila kufuta chochote.

Programu za Ubuntu, Mint na Debian, mfumo ambao Ubuntu ulitokana nao, hufungwa katika vifurushi vya .deb. Zana iitwayo dpkg ndiyo inayofungua kifurushi na kukiandika kwenye orodha iliyoko /var/lib/dpkg/status. Juu yake kuna apt, inayokwenda kwenye hazina, yaani ghala la programu lililoko mtandaoni, kuangalia kifurushi unachotaka kinategemea vingine vipi, na kuvileta vyote pamoja. Orodha ile ni kama daftari la ghala la korosho: gunia likiandikwa nusu, mizigo inayofuata husimama hadi hesabu irekebishwe. apt ikigoma, mara nyingi inalinda daftari hilo.

Kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya usakinishaji, usishangae kila programu ikikataliwa baadaye. Washa kompyuta, fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike kwa mpangilio huu:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install

Amri ya kwanza inamalizia vifurushi vilivyoachwa njiani, ya pili inaleta vilivyokosekana. Kama kilichokatika ni mtandao tu, rudia amri uliyokuwa umetoa. apt huhifadhi kipande kilichokwishashuka ndani ya /var/cache/apt/archives/partial na kwa kawaida huendelea pale ilipoishia, kwa hiyo bando halikuteketea lote.

Kosa linalotaja lock-frontend ni jingine. Maana yake kuna kazi nyingine inayotumia daftari wakati huohuo, na mara nyingi ni masasisho ya usalama yanayojiendesha yenyewe muda mfupi baada ya kompyuta kuwashwa. Ujumbe wenyewe hutaja namba ya kazi hiyo. Subiri imalize. Ushauri unaozunguka wa kufuta faili la kufuli kwa nguvu tunaupinga kabisa: kazi mbili zikiandika daftari moja kwa pamoja, ndipo uharibifu wa kweli unapoanza.

Kwenye kompyuta za zamani, angalieni saa. Hazina hutiwa saini yenye tarehe, na saa ya kompyuta ikiwa nyuma, hata kwa muda mfupi, apt hukataa ikidai orodha ya hazina bado haijaanza kutumika. Kwa kawaida intaneti hurekebisha saa yenyewe, ila mitandao mingine huzuia njia hiyo. Weka tarehe kwa mkono, kwa mfano sudo date -s "2026-02-16 08:30", kisha badilisha betri ya duara kwenye ubao mama. Aina inayotumika zaidi ni CR2032 ya volti 3, na bei yake ni ndogo mno kulinganisha na usumbufu inaouondoa.

Kosa namba 404 kwa karibu kila kifurushi huashiria toleo lililozeeka. Matoleo ya LTS ya Ubuntu, yaani yanayohudumiwa kwa muda mrefu, hutoka kila miaka 2, mwezi Aprili, na hupata masasisho ya kawaida kwa miaka 5. Lile la 20.04 lilimaliza muda huo mwaka 2025. Matoleo ya katikati, yanayotoka kati ya LTS moja na nyingine, huhudumiwa miezi 9 tu, kisha huhamishiwa old-releases.ubuntu.com. Shule isiweke toleo la katikati, hata kama ndilo jipya zaidi. Na ukitaka kusahihisha anwani za hazina kwenye Ubuntu 24.04, hazipo tena ndani ya sources.list ya zamani, ziko /etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources.

Ukipata faili la .deb kutoka kwenye flashi, tumia sudo apt install ./jina.deb, na usisahau nukta na mkwaju. Ukitumia dpkg -i, tegemezi haziletwi, na unabaki na daftari lenye pengo. Hazina za watu binafsi ziitwazo PPA ziongezwe kwa uangalifu, kwa sababu ile isiyotengenezewa toleo lako inaweza kuzuia masasisho ya mfumo mzima.

Kwa anayelipia bando, Snap, njia nyingine ya Ubuntu ya kufunga na kusasisha programu, inahitaji macho. Tangu Ubuntu 22.04, Firefox huja kama Snap, hata ukiiomba kupitia apt. Snap hukagua masasisho mara 4 kwa siku na kuyashusha bila kuuliza, na huweka akiba ya toleo la nyuma, jambo linalojaza diski ndogo. Izuieni kwa sudo snap refresh --hold, kisha siku yenye mtandao wa kutosha andikeni sudo snap refresh firefox, wala msiache kivinjari miezi bila kukisasisha. Mint haiji na Snap, na kwa maabara inayotegemea bando tunaipendekeza. Flatpak iliyoko humo, njia inayofanana na Snap, nayo ina uzito wake: programu ya kwanza huvuta mamia ya megabaiti za msingi, zinazofuata huwa nafuu zikitumia msingi uleule.

Diski ikijaa, df -h itaonyesha wapi. sudo apt clean na sudo apt autoremove --purge huondoa vifurushi vilivyobaki na kerneli (viini vya mfumo) za zamani zinazojaza /boot, sehemu ya diski inayotumika kuwashia mfumo.

Linaloleta unafuu mkubwa kwa maabara ni apt-cacher-ng, programu inayotunza nakala ya vifurushi vilivyoshushwa ili kompyuta nyingine zivitumie. Chagua kompyuta moja iwe seva, ipe anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.10, na uandike sudo apt install apt-cacher-ng. Kwenye kila kompyuta nyingine tengeneza faili /etc/apt/apt.conf.d/01proxy lenye mstari huu:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Kompyuta ya kwanza ikishusha kifurushi, nyingine zote hukichukua kwenye seva kupitia swichi. Masasisho ya MB 400 kwa kompyuta 20 ni karibu GB 8 za bando. Kwa njia hii zinabaki karibu MB 400. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti kudorora nchini, kilichokwishahifadhiwa ndani ya jengo hakikuathirika.

Seva hiyo lazima iwe imewashwa kabla ya wengine kuandika apt, na ipewe UPS, kifaa cha akiba ya umeme, kwanza kama ni moja tu. Kompyuta mpakato inayotoka maabara kwenda nyumbani iondolewe faili la 01proxy, la sivyo apt itaendelea kutafuta seva isiyokuwepo na kosa litaonekana kana kwamba mtandao wa nyumbani ndio mbovu.