Makombora ya kruzi: tusihesabu ghala tu, tuhesabu na msimu

Karani wa chama cha msingi akiulizwa ana korosho kiasi gani ghalani, hana haja ya kukisia. Anafungua daftari, anasoma kilo zilizopokelewa, anatoa zilizokwenda ghala kuu, basi. Mkulima naye ana stakabadhi yake mfukoni. Hapa Mtwara tumeuzoea utaratibu huu kiasi kwamba tunasahau kuwa yako mambo mazito duniani ambayo hakuna anayekubali kulifungua daftari lake.

Makombora ni mojawapo. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, vijiwe vya kahawa vya mjini havijapoa. Mmoja anasema Urusi imeishiwa, mwingine anasema Marekani ana maelfu hayaishi, na kila mmoja ana namba aliyoisikia redioni. Wanafunzi huniletea ubishi huo darasani. Mimi ni mwalimu wa takwimu, si mwanajeshi, na idara yetu imeona ni vema jambo hili lielezwe kwa wote, kwa sababu kosa linalofanyika ni la kitakwimu.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Kombora la kruzi ni kama ndege ndogo isiyo na rubani iliyobeba kilipuzi. Lina mabawa na injini ya jeti, na huruka chini chini ili rada isilione mapema. Kombora la balistiki ni kitu kingine: hilo hurushwa juu sana kisha huanguka kwa kasi kubwa. Tomahawk ya Marekani, ambayo ni ya kruzi, hubeba kichwa cha kilo 450 hivi, huenda karibu kilomita 880 kwa saa na kufika umbali wa kilomita 1,600 hivi. Likirushwa kutoka Mtwara lingefika Dar es Salaam kwa chini ya nusu saa, na masafa yake yangetosha kufika Kampala.

Sasa kosa lenyewe. Watu hulinganisha ghala kwa ghala. Lakini ukitaka kujua nguvu ya mkulima hutazami magunia ya Oktoba peke yake. Unauliza ana mikorosho mingapi inayozaa, na ngapi ndiyo kwanza ameipanda. Usiku wa Aprili 2017 Marekani ilirusha Tomahawk 59 kwenye uwanja mmoja wa ndege nchini Syria. Katika vita vya Irak vya 2003 yalirushwa zaidi ya 800. Wakati huohuo, iko miaka ya karibuni ambayo oda ya mwaka mzima ya jeshi lake la majini haikufika hata 100, na kombora moja huchukua kama miaka miwili tangu kuagizwa hadi kukabidhiwa. Ghala linaweza kuwa kubwa na bado likapungua haraka kuliko linavyojazwa.

Kiwanda nacho hakiongezi kasi kwa amri. Injini ndogo ya Tomahawk hutengenezwa na kampuni ya Williams International. Kampuni hiyohiyo hutengeneza injini ya JASSM-ER, kombora la kruzi linalorushwa na ndege. Kwa hiyo mtu akikwambia Marekani itazidisha Tomahawk na JASSM kwa mpigo, muulize kwanza kuhusu injini.

Upande wa Urusi ndiko takwimu zinakonivutia zaidi. Mwaka 2022 ilisemwa mara nyingi kwamba akiba yake inakwisha. Kisha Novemba mwaka huohuo, baada ya Kyiv kushambuliwa, wachunguzi wa Conflict Armament Research, shirika linalofuatilia asili ya silaha vitani, walikagua mabaki ya Kh-101, makombora ya kruzi ya Urusi, na kusoma alama zilizochapwa kwenye vyuma. Zilionyesha kwamba baadhi yalitengenezwa miezi michache tu kabla, wakati vikwazo dhidi ya Urusi vilikwisha wekwa. Kiwanda kilikuwa kinafanya kazi, na kombora lilikuwa likitoka kiwandani kwenda vitani bila kukaa sana. Watafiti wa RUSI, taasisi ya Uingereza ya masuala ya ulinzi, baadaye walikadiria kuwa utengenezaji wa Kh-101 ulipanda kutoka 56 mwaka 2021 hadi zaidi ya 400 mwaka 2023.

Chuma kilichovunjika kinawezaje kutoa hesabu? Mbinu ni ya zamani. Katika Vita vya Pili vya Dunia, watakwimu wa Uingereza na Marekani walikusanya namba za mfululizo za vifaru vya Wajerumani vilivyotekwa. Majasusi walidhani Ujerumani inatengeneza vifaru 1,400 kwa mwezi. Watakwimu wakasema 246. Vita vilipokwisha na madaftari ya Wajerumani kufunguliwa, wastani wa kweli ulikuwa 245.

Jaribuni nyumbani. Chukulia magunia yamepewa namba kuanzia 1 bila kuruka, nawe umeyaona matano tu, ovyo ovyo: 23, 71, 104, 118 na 135. Chukua kubwa kuliko zote, 135. Igawe kwa idadi ya uliyoyaona, 5, upate 27. Jumlisha, kisha toa 1. Unapata 161. Hayo ndiyo makadirio yako ya magunia yote, na huwa karibu na ukweli kuliko wengi wanavyotarajia, mradi namba hazikuchezewa na magunia uliyoyaona hayakuteuliwa.

Udhaifu wa mbinu hii ni kwamba inamtegemea anayerusha. Anayerusha huacha mabaki, na mabaki yana namba. China ilionyesha kombora lake la kruzi la CJ-10 kwenye gwaride la Oktoba 2009 na haijalirusha vitani. Makadirio kuhusu akiba yake hutoka hasa kwa wapinzani wake, na mpinzani anayeomba bajeti ana sababu ya kuona kingi.

Wako wanaoniuliza haya yanatuhusu nini sisi wa kusini. Tangu Novemba 2023, makombora na droni za Wahouthi, waasi wa Yemen, katika Bahari ya Shamu zililazimisha meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Nauli za makontena zikapanda. Salfa tunayopulizia mikorosho huletwa kwa meli.

Na ulikuwapo wakati ambapo daftari lilifunguliwa. Desemba 1987 Reagan wa Marekani na Gorbachev wa Umoja wa Kisovieti walitia saini INF, mkataba wa kuondoa makombora ya masafa ya kati, na kufikia 1991 makombora 2,692 ya nchi kavu, ya kruzi na ya balistiki, yalikuwa yameharibiwa: 1,846 ya Kisovieti na 846 ya Kimarekani. Wakaguzi wa Kimarekani walikaa kwenye lango la kiwanda cha makombora cha Votkinsk, Urusi, na wa upande wa pili wakakaa kwenye lango la kiwanda cha Magna, Utah, wakikagua kinachotoka. Walikaa miaka 13, hadi 2001. Mkataba wenyewe ulikufa Agosti 2019.