Simu haina email, wewe ndiye mwenye email

"Fundi, niwekee tu email ya simu." Wiki hii nimeambiwa hivyo mara nne, na leo asubuhi nilikuwa hata sijafungua boksi la bisibisi. Niko Busia, upande wa Uganda, karibu na soko. Wateja wangu ni wauza samaki, madereva wa boda, mawakala wa forodha na wanafunzi. Karibu wote wanashika simu za kupapasa za Android, na wengi wao wanaamini kwamba email ni kipande cha simu kama betri: inakuja nayo kutoka dukani, na ikisumbua fundi anaweka nyingine.

Hapana, jamani. Hiyo mnayoiita email ya simu ni akaunti ya Google, na akaunti ni ya mtu. Namba za watu wako, picha, nakala ya WhatsApp, kumbukumbu ya programu ulizopakua, vyote vinaweza kuwekwa katika akaunti hiyo, kwenye kompyuta za Google. Leo unaifungua kwa Tecno, kesho kwa Samsung, na vitu vyako unavikuta.

Tabu huanzia dukani. Muuzaji anawasha simu mpya, simu inaomba akaunti, yeye ana foleni na wewe unawahi gari. Anaandika jina lolote, tarehe ya kuzaliwa ya kubuni, nenosiri analowawekea wateja wote, na namba yake mwenyewe. Dakika mbili WhatsApp imefunguka, mnaagana. Miezi minane baadaye umesahau mchoro wa kufungulia skrini. Jirani anakufundisha kushikilia kitufe cha kuwasha pamoja na cha sauti ili simu ifutwe yote. Inafutika kweli, inawaka, halafu inakutaka uthibitishe akaunti iliyokuwa humo kabla. Ulinzi huu ulikuja na Android 5.1 mwaka 2015, ili mwizi asifaidi simu aliyoiba. Inakubali mchoro wa zamani, ambao umeusahau, au akaunti, ambayo hukuwahi kuijua. Simu haina namna ya kukutofautisha na mwizi.

Mama mmoja anayechukua samaki Majanji, kule ziwani Victoria, aliniletea simu ya hivyo. Tukakaa naye, tukajaribu kuirudisha akaunti. Google ikasema itatuma msimbo wa kuthibitisha kwenye namba inayoishia na 47. Akatoa laini zake mbili kwenye kipochi, akaziweka mezani, akasoma namba zote polepole. Hakuna iliyoishia hivyo.

"Mama, nani alikufungulia hii email?"

"Yule kijana aliyeniuzia. Duka lenyewe lilishahama."

"Una namba yake?"

"Ilikuwa humo humo, mwanangu."

Wateja wake wa Tororo na Mbale, watu aliowakusanya kwa miaka, walikuwa kwenye akaunti ile. Hakuna fundi wa Busia wala wa Kampala anayeweza kuzitoa namba hizo kwa bisibisi, na yeyote anayekudai pesa kwa kazi hiyo anakuibia. Siku ile iliniuma, ndiyo maana naandika.

Kwa hiyo leo, simu ikiwa bado inafunguka mkononi mwako, ingia Mipangilio, bonyeza Google, utaona anwani yako imeandikwa juu. Inakili. Kisha nenda kwenye usalama wa akaunti, badilisha nenosiri, weka namba yako mwenyewe ya kurejesha akaunti. Ukibadilisha laini, rudi ubadilishe na hapo. Kazi hii ni rahisi zaidi ukiifanya kwenye simu ambayo akaunti imeizoea, ndiyo maana nasema leo. Nenosiri liandike kwenye daftari, lile la risiti za karo ya watoto, likae nyumbani. Wapo watakaokuambia nenosiri lisiandikwe popote. Mimi nimeona wengi waliopoteza akaunti kwa kusahau, na sijamwona hata mmoja aliyeibiwa kupitia daftari la karo. Na kabla ya kuuza simu, iondoe akaunti kwanza, usimtese mnunuzi.

Maneno mengine ninayoyasikia kwa wateja nayapitia haraka.

"Yangu si Android, ni Itel." Itel ni kampuni inayotengeneza simu. Android ni mfumo unaoendesha simu hiyo, mali ya Google tangu 2005, na simu ya kwanza ya Android iliuzwa 2008. Infinix, Tecno na Samsung za kupapasa ni Android pia. iPhone siyo, na katochi, yaani simu ndogo ya vitufe, kwa kawaida siyo.

"Nimeifuta." Hukuifuta, umeondoa alama yake kwenye skrini ya kwanza. Programu bado ipo na bado inakula nafasi. Kuifuta ni kuchagua kuiondoa kabisa, kupitia Mipangilio au Play Store, duka la programu la Google.

Kufunga programu zote kila dakika ili kutunza chaji nako ni kujichosha. Android yenyewe hupanga ipi ilale na ipi itolewe kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya simu. Ukiifunga WhatsApp na kuifungua upya mara hamsini kwa siku, kila mara simu inaanza kazi kutoka mwanzo. Funga ile iliyokwama tu. Na zile programu za "kusafisha simu" ziondoe, nyingi kazi yake ni kukuletea matangazo.

"Rafiki amenirushia, haili data." Faili ya programu iliyopita simu kumi kabla ya kukufikia hujui imechezewa na nani. WhatsApp za rangi rangi zisizotoka kwa kampuni ya WhatsApp yenyewe ziko humu, na WhatsApp hufungia namba zinazozitumia. Pakua kutoka Play Store, hata kama utangoja siku ya kununua MB.

"VPN inaleta data ya bure." Hapa Uganda watu wengi waliijua VPN mwaka 2018 ilipokuja kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, wakaitumia kuikwepa, na tena Januari 2021 Facebook ilipofungwa. Ikabaki imewashwa mchana na usiku. VPN inapitisha data yako kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na inakula MB zaidi kidogo. Huyo mwenye kompyuta, hasa wa VPN ya bure, anaweza kuona ni tovuti zipi unazotembelea.

Na simu ikitumbukia majini pale Majanji, pesa zako za mobile money hazijazama. Ziko kwenye akaunti ya namba yako kwa kampuni ya simu. Nenda na kitambulisho cha taifa, rudishiwa laini, utazikuta.