Kupima Vitengo vya Kundi la Hoteli: Kila Meneja na Hesabu Anazoweza Kuzijibia

Mwekezaji wa huduma za ukarimu katika Nyanda za Juu Kusini anaweza kumiliki hoteli Mbeya mjini, mgahawa wa wasafiri Makambako inapoanzia barabara ya kwenda Njombe na Songea, ukumbi wa sherehe Iringa, na kambi ya watalii karibu na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwisho wa mwezi taarifa zinapofika mezani kwake, anayesifiwa mara nyingi ni meneja mwenye mauzo makubwa, jambo ambalo wataalamu wa hesabu za uendeshaji tunalikataa kwa sababu mauzo peke yake hayaonyeshi nani ameendesha kitengo chake vizuri.

Tuchukue mfano wa hoteli yenye vyumba 40, ambayo kwa mwezi wa siku 30 ina nafasi 1,200 za kuuza, nafasi moja ikiwa ni chumba kimoja kwa usiku mmoja. Meneja akiuza nafasi 720 kwa shilingi 50,000 anapata shilingi milioni 36; akishusha bei hadi shilingi 40,000 na kuuza nafasi 900, anapata milioni 36 zilezile. Kwa kipimo cha ujazo, yaani sehemu ya nafasi zilizouzwa, amepanda kutoka asilimia 60 hadi 75 na huenda akapewa bonasi, ilhali mapato kwa kila chumba kilichokuwepo, kiwe kimelaliwa au hakikulaliwa, yamebaki shilingi 30,000 kwa usiku. Kilichopungua ni faida, kwa kuwa wageni wa nafasi 180 za ziada wamekunywa chai ya asubuhi, wametumia sabuni na mashuka ya kufuliwa, na kwa baridi ya Mbeya ya mwezi Juni hakuna aliyeoga bila maji ya moto. Ikiwa kila nafasi imegharimu shilingi 11,000, shilingi 1,980,000 zimeondoka bila meneja kuulizwa.

Chai hiyo ya asubuhi ina mgogoro wake. Inapohesabiwa ndani ya bei ya chumba, jiko hubeba gharama za mayai, maziwa na mikate huku mapato yote yakiandikwa upande wa vyumba, na mpishi mkuu huonekana mharibifu. Dawa yake ni bei ya ndani: kwa kila mgeni aliyekula, kitengo cha vyumba kikatwe kiasi kilichokubaliwa na jiko liandikiwe kiasi hichohicho.

Kwa upande wa ukumbi, malipo ya awali ya harusi ya Desemba yanayopokelewa Agosti ni deni kwa kamati ya harusi mpaka siku ya sherehe, kwa hiyo yasihesabiwe kuwa mauzo ya Agosti.

Gharama za makao makuu, zikiwemo mishahara ya wahasibu na riba ya mkopo, zisigawanywe kwa vitengo kabla ya mameneja kupimwa. Mfumo wa pamoja wa hesabu za hoteli, uliochapishwa kwa mara ya kwanza New York mwaka 1926 na unaotumika hadi leo katika nchi nyingi, hutenganisha faida ya kila idara na gharama za jumla kwa msingi huo: meneja wa mgahawa hakukopa fedha za benki, basi riba yake isimpunguzie alama.

Kambi ya Ruaha, ambayo wageni wake wengi huja wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, ilinganishwe na mwezi kama huo wa mwaka uliopita, si na hoteli ya mjini. Hoteli nayo isisifiwe kupita kiasi kwa mwezi Agosti, maonyesho ya Nane Nane yanapojaza vyumba vya Mbeya pasipo juhudi kubwa ya meneja.

Makambako ndiko panapohitaji jicho la karibu zaidi. Dereva na kondakta wanaosimamisha basi mgahawani kwa kawaida hula bure, na sahani zao zisipoandikwa, nyama hupungua stoo bila mauzo yanayolingana, na lawama ya wizi humwangukia mpishi. Sahani hizo ziandikwe kila siku, kwa gharama na si kwa bei ya kuuzia, katika fungu la kutafuta wateja, ili mwenye biashara aweze kuona kila basi linaacha shilingi ngapi baada ya kuwalisha waliolileta.